Bolti Iliyozidi Urefu

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii hutajwa sana mtu anapougua akachelewa kwenda hospitali, au nyumba inapovuja na mwenyewe akangoja mvua ipite. Ni mara chache itajwe juu ya kitu kama bolti ya baisikeli, ambayo bei yake ni shilingi chache, na ambayo mtu aweza kuificha ndani ya ngumi. Lakini yuko karani mmoja upande wa Murang'a ambaye, tangu alipopatwa na mambo yatakayoelezwa hapa, husema kwamba mwiba wake yeye ulikuwa wa chuma, na urefu wake ulikuwa milimita 20.

Karani huyo huandika vitabu vya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Kazi ya kalamu huanza saa mbili, lakini kabla ya saa hiyo yeye ni mkulima kama jirani zake. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na kila alfajiri hufunga mikebe miwili nyuma ya baisikeli akashuka nayo kilima mpaka kituo cha kupokea maziwa. Mkebe mmoja ni wake. Wa pili ni wa mama mmoja mjane aliye jirani yake, ambaye hana mtoto wa kumpelekea, na ambaye hulipa karo ya mjukuu wake kwa maziwa hayo. Karani hakumtoza mama huyo hata senti moja kwa kazi hiyo. Aliichukua kuwa ni heshima ya ujirani, na mama naye alimwamini, wala hakuwahi kumwuliza habari ya vipimo.

Siku moja bolti ishikayo mkono wa madigadi ya nyuma ilianguka njiani isionekane tena. Bolti hiyo huingia katika tundu dogo lililo kwenye fremu, karibu na ekseli, upande wa mnyororo. Tundu hilo lina hesi ndani yake, kwa hiyo bolti haihitaji nati. Hujisokota katika chuma cha fremu yenyewe, na ncha yake hutokeza kwa ndani mahali ambapo gurudumu la meno na mnyororo vinazunguka. Nafasi iliyoko hapo ni ndogo sana, kama milimita 4 tu. Bolti ya asili ilikuwa na urefu wa milimita 12. Dukani palikuwa na bolti za unene uo huo, yaani milimita 5, lakini zote zilikuwa za milimita 20.

Mwenye duka alimwambia, "Chukua hii, Bwana Karani. Ndefu si kitu. Fupi ndiyo mbaya."

Neno hilo ni kweli kwa kamba, na ni kweli kwa ubao, maana kirefu hupunguzwa na kifupi hakiongezwi. Lakini mwenye duka hakuongeza kueleza kwamba kupunguza bolti si sawa na kupunguza kamba.

Karani alipofika nyumbani aliitia bolti mahali pake, na kabla haijafika mwisho ncha yake ikagusa mnyororo. Akafikiri kidogo, akaitoa, akaivisha washa saba chini ya kichwa ili ncha isifike mbali. Mnyororo ukapita. Akafurahi akaona kwamba akili imeshinda chuma. Walakini kichwa cha bolti sasa kilikuwa kimesimama mbali na fremu kama kidole kilichonyooshwa, na mkono wa madigadi ukawa unakivuta huku na huku kwa kila jiwe la njiani. Kitu kinachosimama mbali na mahali kiliposhikwa hutikisika kwa nguvu zaidi. Kila aliyechimbia mwimo wa lango ajua jambo hilo. Siku ya tatu bolti ilikuwa imelegea, na washa mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Jioni ile akachukua koleo ya kukatia seng'enge, akaibana bolti kwa mikono miwili mpaka ikakatika. Urefu ulikuwa sawa. Ila ncha haikuwa tena mviringo. Ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama mdomo wa bata, na hesi za mwisho zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine. Ilipokataa kuingia katika tundu hakuiuliza sababu. Akachukua spana, akailazimisha. Ilizunguka mara mbili kwa kulia, ikashika, ikakataa kwenda mbele. Kwa kuwa kiza kilikuwa kimeingia, aliiacha hapo, akaona kwamba kwa vile imeshika, imeshika.

Asubuhi ya pili, katika mteremko ulio juu ya daraja, bolti ilitoka. Mkono wa madigadi ukaingia kati ya spoki za gurudumu la nyuma, gurudumu likasimama ghafula, na baisikeli ikaanguka pamoja na mwenyewe na mikebe yote miwili. Yeye aliumia kiwiko na goti, si sana. Mkebe wake ulibakiwa na maziwa kidogo. Mkebe wa mama mjane ulifunguka kifuniko, na lita saba zikamwagika juu ya udongo mwekundu, zikaingia ardhini mbele ya macho yake.

Watu waliokuwa wakipita walimwinua, wakamwambia ashukuru kwamba hakuvunjika. Alishukuru. Lakini alipokuwa akirudi akisukuma baisikeli kwa miguu hakuwaza habari ya goti. Aliwaza habari ya mama yule, ambaye siku ile angekuwa akihesabu lita zake kama kawaida. Alimwendea kwanza, kabla ya kwenda kwake kuosha jeraha, akamweleza kila jambo, na tena akamwambia kwamba atamlipa.

Mama akamtazama kiwiko, akasema, "Mwanangu, maziwa yatatoka tena jioni. Lakini niambie, je, kesho chombo chako kitakuwa salama?"

Swali hilo lilimwuma kuliko jeraha, maana hakuwa na jibu. Alilipa lita saba kutoka mfuko wake, akafunga madigadi kwa waya kwa muda, na Jumamosi akaipeleka baisikeli kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli Nairobi, na ambaye sasa ana kibanda cha ufundi nyuma ya nyumba yake. Kibanda chenyewe si kikubwa. Ndani yake mna meza ya mbao nzito, jiliwa moja la zamani, misumeno miwili ya chuma, tupa zilizopangwa ukutani kwa ukubwa wake, na makopo ya bolti na nati ambazo mzee huziokota na kuzihifadhi.

Mzee aliitazama ile bolti iliyobanwa, akaigeuza mara moja, akacheka kidogo bila dharau.

"Mwanangu," akasema, "hukuikata bolti hii. Uliitafuna."

Kisha akamwuliza swali ambalo karani hakulitazamia. Alimwuliza kama ana hakika kwamba bolti ile ni ya milimita, si ya inchi. Karani akasema kwamba kwake bolti ni bolti. Mzee akaketi juu ya sanduku akamweleza, na maelezo yake yafaa kujulikana na kila mtu aliye na spana nyumbani.

Zamani huko Uingereza kila karakana ilikuwa ikichonga hesi kwa namna yake, hata nati ya fundi mmoja haikuweza kuingia katika bolti ya fundi mwingine. Mashine ikiharibika mbali na kwao, ilikuwa shida kubwa kuitengeneza. Katika mwaka wa 1841 fundi mashuhuri Joseph Whitworth, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwa Henry Maudslay wa London, alitoa shauri kwamba hesi zote ziwe za kipimo kimoja, zenye pembe ya digrii 55, na idadi maalum ya hesi katika kila inchi kwa kila unene wa bolti. Mnamo 1864 William Sellers wa Philadelphia, Marekani, alitoa kipimo kingine chenye pembe ya digrii 60. Hesi za milimita zitumikazo siku hizi karibu ulimwenguni kote nazo zina pembe ya digrii 60.

Mashine za zamani zilizoletwa Afrika ya Mashariki kutoka Uingereza zilikuwa na hesi za inchi, na nyingine hazijafa bado. Ndiyo sababu katika kopo moja la fundi wa Kenya watu hukuta bolti za ukoo mbalimbali. Bolti ya Whitworth ya inchi 3/16 ina unene wa milimita 4.76, na bolti ya milimita 5 huifanana mno kwa macho. Lakini ile ya kwanza ina hesi 24 katika inchi moja, ambayo ni zaidi kidogo ya milimita 1 kutoka hesi hata hesi, na hii ya pili ina milimita 0.8. Nati ya moja itaingia katika nyingine mzunguko mmoja au miwili, kisha itakaza. Asiyejua hudhani ni kutu au uchafu, akaongeza nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iharibuyo. Vivyo hivyo bolti ya inchi 1/4 na ile ya milimita 6.

Mzee akachukua nati mpya ya milimita 5, akaisokota kwa vidole juu ya bolti nyingine aliyoleta karani kutoka dukani. Ikaenda mpaka mwisho bila kusita. "Sasa twajua jina lake," akasema. "Usimkate mtu ambaye hujui jina lake."

Akaendelea kusema kwamba njia bora ya kufupisha bolti ni kutoifupisha. Bolti za milimita 5 hutengenezwa kwa urefu mbalimbali, kama milimita 10, 12, 16, 20 na 25, na urefu huo hupimwa kuanzia chini ya kichwa; isipokuwa zile ambazo kichwa chake huzama ndani ya chuma, ambazo hupimwa pamoja na kichwa. Mtu akiweza kuupata urefu anaoutaka kwa kutembea mpaka duka la pili, basi na atembee. Ikiwa hakuna, ndipo msumeno utolewe.

Kazi yenyewe aliianza kwa kupima. Aliweka mkono wa madigadi, washa na tundu la fremu, akavijumlisha: milimita 3, na 1, na 6. Jumla ni milimita 10. Akaongeza karibu 2 ili hesi mbili zitokeze, kwa kuwa hesi ya kwanza ya bolti iliyokatwa huwa imechongwa, haishiki sawasawa, na haifai kutegemewa. Hiyo ikawa milimita 12, sawa na bolti iliyopotea. Kisha akatoa funzo lililo kiini cha kazi yote.

Kabla ya kukata, alisokota nati mbili juu ya bolti, akazipeleka mpaka uso wa ile ya nje ukawa mahali penye kipimo. Akazikaza moja juu ya nyingine kwa spana mbili mpaka zikafungana zisiweze kuzunguka. Nati hizo zina kazi tatu. Kwanza, jiliwa litabana pande bapa za nati badala ya kubana hesi, kwa hiyo hesi hazitapondwa. Pili, uso wa nati ni kama rula iliyonyooka, ambao msumeno na tupa vitaufuata ili ncha isiwe ya mshazari. Tatu, nati zitakapotolewa baadaye zitapita juu ya hesi iliyokatwa na kuinyoosha, kama mchunga ng'ombe apitavyo nyuma ya kundi akirudisha walioacha njia.

"Wengi hukata kwanza," akasema mzee, "kisha hutafuta nati ya kuingiza. Nati haipati mlango. Lakini nati iliyokuwa ndani tangu mwanzo hutengeneza mlango inapotoka."

Kisha alibana nati katika jiliwa, na kipande cha kutupwa kikatokeza kando. Msumeno wake ulikuwa na bledi yenye meno madogo, 32 katika inchi moja. Alieleza kwamba kanuni ya msumeno wa chuma ni meno matatu, pungufu isiwe, kugusa chuma kwa wakati mmoja. Bledi ya meno makubwa, kama ile ya meno 14, ikitumiwa juu ya chuma chembamba, jino huangukia katika chuma na kukwama, na mwishowe jino huvunjika au bolti hupindika. Meno ya bledi huelekea mbele, yaani mbali na mkono wa mkataji, kwa kuwa kazi hufanywa wakati wa kusukuma. Wakati wa kurudi, mkono hulegezwa.

Alianza kwa kuchora mfereji mdogo kwa pembe ya tupa yenye pande tatu, ili bledi isiteleze juu ya hesi. Ndipo akakata, milimita 1 hivi nje ya uso wa nati, kwa mikato mirefu, bila haraka. Karibu mikato 40 hata 50 kwa dakika. Alitia tone la mafuta. Karani alijaribu naye, akaenda mbio, na mzee akamshika mkono. Bledi iendayo mbio hupata moto, meno hufa, na mkataji huchoka kabla ya chuma. Kuelekea mwisho mzee aliondoa uzito karibu wote, kwa sababu kipande kikivunjika badala ya kukatwa huacha ulimi wa chuma katika hesi ya mwisho.

Kipande kilipoanguka, tupa ikaja. Kwanza alisawazisha ncha mpaka ikakaribia uso wa nati. Kisha akaishika tupa kwa mshazari, kama digrii 45, akaizungusha pande zote za ncha mpaka ukingo ukawa umepunguzwa kidogo chini ya kina cha hesi. Ukingo huo mdogo ndio huiongoza bolti kuingia katika tundu bila kupanda kombo. Mwisho alipitisha pembe ya tupa ndogo ya pande tatu katika mfereji wa hesi ya kwanza, akaondoa ukoko wa chuma.

Hapo akafungua nati ya nje, akaitoa polepole. Ilipofika mwisho ilisita. Mzee hakuilazimisha, alirudi nyuma nusu mzunguko, akaja mbele tena, mara tatu, mpaka ikatoka. Akatoa ya pili. Akasugua kwa brashi, wala hakupuliza kwa mdomo, maana vumbi la chuma likipulizwa hurudi machoni. Kisha akampa karani nati nyingine, mpya kabisa, akamwambia aiingize kwa vidole viwili. Ikaingia.

"Hiyo ndiyo mahakama," akasema mzee. "Bolti ambayo haikubali vidole, haina ruhusa ya kuona spana. Na usiipeleke kujaribiwa katika fremu. Nati ikiharibika utanunua nyingine kwa senti. Tundu la fremu likiharibika utanunua nini?"

Karani akanyamaza, kwa kuwa alijua kwamba tundu limekwisha kuharibika. Mzee akaliangalia kwa mwanga. Hesi mbili za mwanzo zilikuwa zimeliwa. Akachukua tepu, chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, cha milimita 5 na hatua ya 0.8, akaiingiza kutoka upande wa ndani ambako hesi zilikuwa bado nzima, ili ifuate njia iliyopo isianzishe nyingine. Akaenda nusu mzunguko mbele na robo nyuma, mpaka ikatokea nje. Hesi zilizobaki zilitosha kushika. Lakini alimwonya kwamba tundu hilo sasa halina akiba. Likiharibika mara ya pili hapana dawa ndogo.

Karani aliuliza juu ya njia nyingine, maana si kila mtu ana jiliwa. Mzee akamjibu kwa upole. Asiye na jiliwa aweza kubana nati kwa koleo ya kujifunga, na kuigandamiza koleo juu ya benchi kwa goti. Au aweza kutoboa kipande cha mti mgumu tundu la unene wa bolti, akakipasua kwa msumeno mpaka kwenye tundu, akakibana chote kwa kamba na kabari. Mti hushika hesi bila kuziumiza. Mafundi wa umeme wana koleo yenye matundu ya hesi: parafujo husokotwa ndani kutoka upande wenye hesi, mikono hubanwa, ikakatika, na inapotolewa hesi hujinyoosha. Hiyo yafaa kwa parafujo laini za shaba au chuma cha kawaida, kama zile za milimita 3.5 zishikazo vifuniko vya soketi ukutani. Na huko ukutani pia urefu si jambo la kudharauliwa, kwa kuwa ncha ndefu yaweza kutoboa waya uliokunjwa nyuma ya soketi.

Juu ya jiwe la kunolea la umeme alisema kwamba ni lepesi lakini lina hila. Hutia moto. Bolti zenye alama ya 8.8 kichwani zimepata nguvu zake kwa kuchomwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo maalum, na zikipashwa moto kupita kiasi ncha yao hupoteza nguvu hiyo. Tena bolti nyeupe zimepakwa zinki, na moshi wa zinki ukivutwa hutia homa. Anayelazimika kulitumia avae miwani, akate kidogo kidogo huku akizamisha ncha katika maji, na afanye kazi mahali penye hewa. Chuma kisichoshika kutu nacho kina tabia yake: kikisuguliwa bila kukatwa huzidi kuwa kigumu, kwa hiyo bledi iwe kali na mkono usilegee katika kusukuma.

"Na ncha uliyoikata," akamalizia, "umeivua nguo. Zinki imeondoka. Ipake rangi au grisi, la sivyo kutu itaanzia hapo, na siku utakapotaka kuifungua haitafunguka."

Kazi nzima ilichukua muda usiozidi nusu saa. Kwa kuwa mzee alikataa malipo ya ile ya kwanza, alimtaka karani akate ya pili kwa mikono yake mwenyewe, naye akakaa pembeni akitazama. Ya pili ilikwenda mshazari kidogo, tupa ikafanya kazi zaidi, lakini nati ilikubali vidole. Mzee akasema kwamba hiyo ni ya akiba, itiwe ndani ya mfuko wa spana chini ya kiti, kwa sababu bolti moja hupotea njiani na mbili hazipotei.

Walipokuwa wakiifunga ile ya kwanza mahali pake, mzee alimzuia karani mkono wakati spana ilipofika mwisho. Alimwonyesha kwamba bolti ndogo hukazwa kwa kiganja kilichoshika spana karibu na kichwa chake, wala si kwa kuvuta mwisho wa spana kwa nguvu ya bega; unene wa milimita 5 si mwingi, na shingo ya bolti hukatika bila kutoa onyo. Kisha akainua gurudumu la nyuma na kulizungusha. Mnyororo ulipita mbele ya ncha ya bolti, na nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa nafasi. Haukusikika mkwaruzo wowote.

Watu wa kazi za kalamu huwa na desturi ya kuwaza kwamba ufundi ni nguvu, na kwamba akili imo katika vitabu. Karani huyu alikuwa mmoja wao. Katika vitabu vya chama alikuwa hodari. Hesabu isipolingana kwa senti tano hakulala mpaka ameipata. Lakini mbele ya bolti aliridhika na kitu kilichoshika nusu, akalala. Aliporudi nyumbani jioni ile aliona kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. Fundi naye ana vitabu vyake: milimita 3, na 1, na 6, na hesi mbili za akiba. Jumla isipolingana, deni hubaki, na deni hilo hulipwa na mtu, wakati mwingine na mtu ambaye hakuhusika kamwe. Katika habari hii aliyekuwa karibu kulilipa ni mama mjane na mjukuu wake.

Jumatatu alfajiri alikwenda kuchukua mkebe wa mama kama kawaida. Mama alikuwa amekwisha kuuweka nje ya mlango, umefungwa kifuniko kwa kitambaa. Karani hakungoja kuulizwa. Aliinamisha baisikeli, akamwonyesha bolti ile ndogo, akamweleza jinsi ilivyokatwa na kwa nini sasa haitatoka.

Mama hakuelewa yote juu ya hesi, wala haikuwa lazima. Aliigusa kwa kidole, akaona kwamba haitikisiki, akamkabidhi mkebe.

Karani akapanda, akashuka kilima kile kile. Alipofika penye mteremko ulio juu ya daraja alipunguza mwendo, akasikiliza. Hakusikia neno ila sauti ya magurudumu juu ya changarawe, na maziwa yakigonga ndani ya mikebe.